Usianze na Bakuli, Anza na Kifimbo cha Chapati

Leo tuweke kibodi kando kidogo. Najua wapo watakaouliza: mwandishi wa programu ana habari gani na vumbi la mbao? Anayo. Mashine ya kukereza, ambayo mafundi wetu wengi wanaiita lethi tu, ni teknolojia sawasawa na hiyo simu uliyoishika, tena imezaa mashine nyingi kuliko simu. Kule London, mwishoni mwa miaka ya 1790, Henry Maudslay aliunda lethi ya kukata skrubu kwa usahihi mkubwa, na skrubu sahihi ndizo zilizowezesha mashine sahihi zilizofuata. Wala si kitu cha wageni peke yao. Neno "kukereza" ni la siku nyingi, na mafundi wa Lamu na Siyu walisifika kwa miguu ya vitanda iliyokerezwa kabla Eldoret haijawa hata kituo cha posta.

Sasa niseme lililonileta. Siku hizi kila kijana ninayekutana naye hapa mjini anayetaka kujifunza kukereza, anataka kuanza na bakuli. Ukimwuliza kwa nini, jibu ni moja: ameona kwenye video. Dakika kumi, muziki mzuri, gogo linageuka bakuli linalong'aa. Ile miaka iliyo nyuma ya mikono ya yule fundi haionekani kwenye video.

Maoni yangu: usianze na bakuli. Anza na kifimbo cha kusukumia chapati. Kikiisha, kereza cha pili. Halafu cha tatu.

Tupige hesabu kama watu wa kompyuta. Lethi nyingi za kujitengenezea zinatumia mota ambayo kwa stima yetu ya hezi 50 huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, yaani mara 24 kwa sekunde. (Wamarekani wana hezi 60, ndiyo maana wao hutaja 1,725. Usinakili vipimo vyao vya puli bila kupiga hesabu upya.) Tuseme puli zako ziko sawa kwa sawa. Kifimbo chenye unene wa sentimita 5 kitapita mbele ya patasi yako kwa kasi ya kilomita 13 na kitu kwa saa. Huo ni mwendo wa mwanariadha wa Kaptagat akifanya mazoezi mepesi. Weka sasa gogo la bakuli lenye upana wa sentimita 25 kwenye mota ileile. Ukingo wake unakwenda karibu kilomita 68 kwa saa. Mota ni ileile, puli ni zilezile, lakini sasa umesimama kando ya barabara ya matatu.

Kasi si shida pekee. Mbao ni kama tita la mirija iliyofungwa pamoja. Ukikereza kifimbo, mirija imelala kufuata urefu wa mashine, na patasi inaikata kwa ubavu mzunguko mzima. Bakuli kwa kawaida hukerezwa likiwa limelazwa upande, kwa hiyo katika kila mzunguko patasi inakutana na ubavu, kisha vichwa vya mirija, kisha ubavu, kisha vichwa tena. Hapo ni mara 48 kwa sekunde unakutana na vichwa. Mkono ambao haujazoea hukamatwa hapo: patasi inang'atwa, gogo linachomoka. Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ile bobari pana ya kuondolea kona za mbao ya mraba haifai kabisa kwa bakuli. Shina lake jembamba linaweza kuvunjika.

Lakini sababu yangu kubwa si usalama. Ni kwamba kifimbo hakidanganyi. Bakuli likitoka limepinda unaweza kuliita sanaa, na wageni watalisifu. Kifimbo kikiwa na kitumbo katikati, chapati inatoka nene huku na nyembamba kule, na kila mtu mezani anaona. Kiweke juu ya kioo, kisukume polepole, tazama mwanga unaopita chini yake. Palipo na mwanga pana kazi. Sisi waandishi wa programu tungeuita huo ni mtihani wa programu, na ni mtihani wa bure.

Katika kifimbo kimoja unajifunza karibu kila kitu cha msingi. Unapata katikati ya mbao kwa kuchora mistari miwili kutoka kona hadi kona. Unaondoa kona nne mpaka mbao iwe mviringo. Unaegemeza mgongo wa ncha ya patasi kwanza, kisha unainua mpini taratibu hadi ianze kukata. Unakata kutoka penye unene kushuka penye wembamba, si kinyume chake. Unanoa, unarudi, unanoa tena.

Tena, mbao zimetuzunguka. Saipresi ni rahisi kupata ila ni laini, iache iwe ya mazoezi. Grevilea iliyokauka vizuri ni bora zaidi. Angalia mambo mawili tu. La kwanza, ukavu: mbao mbichi uliyoikereza leo, mwezi ujao itakuwa imepinda na si mviringo tena. La pili ni zito zaidi. Usiokote vipande vya nguzo za stima au za ua zilizotiwa dawa. Ile rangi ya kijani mara nyingi ni dawa yenye shaba, kromu na aseniki, na aseniki ni sumu. Hutaki vumbi lake mapafuni, wala kifimbo chake kwenye unga wa watoto. Ukimaliza, usipake vanishi. Kiache kitupu, au kisugue kwa nta ya nyuki.

Kabla ya kuwasha: vaa miwani, funika pua na mdomo, kunja mikono ya shati, vua glavu. Ndiyo, vua. Glavu ikishikwa na mbao inayozunguka inavuta na mkono. Sogeza egemeo la patasi karibu na mbao, zungusha kwa mkono mzunguko mmoja uone kama kuna kinachogusa, na anza kwa mwendo wa chini mpaka kona ziishe. Kama lethi yako imeundwa jua kali, funika mkanda kwa bati, na weka swichi mahali unapoweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya mbao. Kazi hiyo ni ya saa moja tu.

Wapo watakaoniambia: mbona kuhangaika, si kuna mashine zinazoongozwa na kompyuta? Zipo, tena si mpya. Chuo cha MIT cha Marekani kilionyesha mashine ya kukata vyuma iliyoongozwa kwa namba mwaka 1952. Nazipenda. Lakini lazima mtu aiambie mashine isogee kwa kasi gani na ikate kina gani, na anayejua ni yule aliyewahi kuhisi patasi ikitetemeka mkononi na akasikia sauti ikibadilika. Aliyeruka hatua hiyo ananakili namba za watu wengine tu, kama wanafunzi wanaonakili programu wasiyoielewa.

Na hapo ndipo ninapoona hatari yetu. Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, tuna vyuo vya ufundi, tuna mbao, tuna mafundi. Tukiwafundisha vijana kukimbilia kinachopendeza kwenye picha, tutapata wengi wenye bakuli moja lenye ufa na lethi iliyofunikwa turubai. Anayeweza kutoa vifimbo vitatu vinavyofanana anaweza kesho kutoa miguu minne ya meza inayofanana, na miguu minne ya meza ni oda.

Kwa hiyo kereza vitatu. Kilicho bora mpe anayepika chapati nyumbani kwenu, na usimwambie lolote. Akikirudisha, rudi kwenye lethi. Akikificha ili jirani asikiazime, haya, sasa tuzungumze habari za bakuli.