Saa za Kazi Zikiisha, Mwajiri Aishie Langoni



Tumeisikia hoja hii hata katika vikao vya makanisa yetu hapa Eastlands: kwamba mwajiri anayemkataza mfanyakazi bia ya Jumamosi jioni anamtendea wema, maana mshahara utafika Bahati au Kaloleni ukiwa mzima. Hoja ina utamu wake. Sisi tunaipinga, na wengi wetu hata hiyo bia hatuinywi.

Mkono ulioruhusiwa kuifunika glasi hautaishia kwenye glasi. Wazee wetu waliujua. Chini ya sheria ya kipande, iliyofutwa 1947, mwanamume Mwafrika asiyetiwa sahihi ya kuachiliwa na mwajiri wake hakuwa na ruhusa ya kutafuta kazi kwingine. Katika nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni, aliyepoteza kazi alipoteza na paa. Mtu wa hali hiyo angethubutuje kumjibu msimamizi aliyemwuliza jana usiku alikuwa wapi, na nani?

Uhuru ulikuja, mkono ukabaki. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali kilipigwa marufuku, na katika miaka iliyofuata watumishi hao walishinikizwa kujiunga na KANU. Tukumbuke pia kwamba tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, ilikuwa Jumamosi. Mwajiri mwenye haki ya kuuliza mtu alikunywa nini Jumamosi angekuwa na haki ya kuuliza kama alikuwa Kamukunji. Kwetu sisi maswali haya mawili ni swali moja.

Sheria iko upande wetu, ingawa wenye viwanda hawapendi kuisoma hadi mwisho. Ibara ya 20 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba Sheria ya Haki inamfunga kila mtu, si serikali peke yake. Ibara ya 31 inalinda faragha. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, inauhesabu ulevi kuwa kosa kubwa, lakini yasomeni maneno yake: ni ulevi wa *saa za kazi* unaomfanya mtu ashindwe kazi. Kifungu cha 46 nacho kinakataza kumfukuza mtu kwa dini yake, msimamo wake wa kisiasa, au shughuli za chama cha wafanyakazi nje ya saa za kazi.

Tutaulizwa: na dereva wa basi aliyekesha akinywa? Apimwe langoni alfajiri, na akikutwa amelewa asipewe usukani. Hapo mwajiri anahukumu kazi. Kumpeleleza mtaani, au kumtuma jirani amchunguze, ni jambo jingine kabisa.

Nanyi wazee wa kanisa, mkemeeni mlevi mtakavyo. Yeye ni ndugu yenu na anaweza kuwajibu bila kuogopa njaa. Bwana mkubwa wa kiwandani hajibiwi hivyo.

Aliyepewa barua ya onyo kwa jambo halali alilolifanya akiwa mapumzikoni asikubali kosa kwa hofu. Abaki na nakala, aandike tarehe na saa ya tukio, na akiitwa kujieleza aende na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kama kifungu cha 41 kinavyomruhusu.