Maliza hewa kwanza, ndipo uwashe roketi

Kuna gemu ya kompyuta inaitwa Kerbal Space Program. Ilianza kutoka mwaka 2011. Unaunda chombo chako, unakirusha angani, kinaanguka, unaanza tena. Msimamo wetu ni huu: kijana wa Majoreni aachwe aicheze, mradi aicheze na daftari na kalamu mkononi.

Tunajua mzazi atasema nini. Gemu ni gemu, na siku hizi gemu na kamari ni pete na kidole. Hofu yake si ya bure, maana pesa za samaki nyingi zimeishia kwenye simu. Lakini hebu tazama kazi moja ya gemu hii uone kama inafanana na kamari.

Kazi yenyewe ni kupaa na ndege kutoka uwanjani hadi kwenye obiti, kisha urudi mzima. Ndege hiyo inahitaji jeti na roketi. Jeti inavuta hewa ya nje, kwa hivyo inabeba mafuta peke yake. Roketi inabeba mafuta pamoja na oksijeni ya kuyachomea. Ndani ya gemu kuna injini, RAPIER, inayofanya kazi zote mbili. Ikiwa jeti, kila kilo inayotumia inaipa faida mara kumi hivi kuliko ikigeuka roketi.

Mvuvi wa Shimoni au Vanga hili halimshangazi. Upepo ukiwa mzuri anatweka tanga. Petroli anaiweka mpaka upepo ufe.

Wengi hukosea hapo hapo mwanzo. Wakishapaa tu, wanainua pua juu kabisa. Dakika chache hewa imekwisha, jeti imezima, na kasi hawana. Shika hili: obiti si kwenda juu tu, obiti ni kasi ya kwenda mbele. Katika sayari ya gemu, hewa inaishia kilomita 70. Lakini ili ukae huko bila kuanguka unataka karibu mita 2,300 kwa sekunde.

Basi panga hivi. Elekea mashariki, kwa sababu sayari inazunguka kuelekea huko na inakupa kama mita 175 kwa sekunde za bure. Usipande haraka. Kaa chini ya kilomita 10 mpaka uvuke kasi ya sauti, ambapo hewa inakuzuia sana. Ukishavuka, injini inaamka, nawe panda polepole. Ukifika kilomita 20 na zaidi, na kasi imepita mita 1,400, jeti itaanza kukosa pumzi. Hapo ndipo ubadilishe iwe roketi. Inua pua kidogo, subiri kilele cha safari kipite kilomita 75, zima. Ukifika kileleni, washa tena umalizie kasi iliyobaki.

Ukikimbia sana ukiwa chini, chombo kinaungua. Ukipakia matangi mengi, hakipai. Na acha mafuta ya kurudi, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Sasa, haya yanatuhusu nini sisi wa Kwale? Yanatuhusu sana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ndiyo iliyokuwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Waitaliano walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambapo dunia inakupa zaidi ya mita 460 kwa sekunde bila kuchoma tone. Majoreni nayo haijafika nyuzi tano kusini mwa ikweta. Lakini Taifa-1, satelaiti yetu ya Kenya, ilipopaa Aprili 2023, ilipandishwa na roketi ya SpaceX kutoka California.

Halafu jua kwamba hesabu hii bado haina mwenyewe. Dunia halisi ni kubwa kuliko ya gemu, na obiti yake inataka karibu mita 7,800 kwa sekunde. Mpaka leo hakuna ndege iliyopaa kutoka uwanjani kwa jeti ikafika obiti kwa roketi yake yenyewe. Kampuni ya Uingereza, Reaction Engines, ilihangaika na injini ya namna hiyo miaka mingi, ikafungwa 2024. Nani kasema atakayeiweza hatatoka Majoreni?

Gemu hii inauzwa, na inataka kompyuta, si simu. Kwa hivyo tunawaomba walimu wa sayansi: kompyuta za shule zikiwepo, zifunguliwe saa moja kila Jumamosi. Mmoja arushe, wengine wapige hesabu. Sharti liwe moja, asirushe mtu kabla ya kuandika uzito, kasi na urefu wa kubadili injini. Chombo kikianguka, aandike kwa nini.

Na hiyo ndiyo tofauti, mzazi. Kamari ikikula, haikuambii ulikosea wapi. Hii inakuambia, tena inakuacha ujaribu upya na pesa zako zikiwa mfukoni.