Askari Hawa Wana Majina

Tarehe 27 Januari 2016 marais watatu walikutana katika kambi ya jeshi ya Moi hapa Eldoret: Uhuru Kenyatta wetu, Muhammadu Buhari wa Nigeria na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Walikuja kuwaombolezea askari waliouawa El Adde tarehe 15 mwezi huo, watu wa kikosi cha tisa cha Kenya Rifles. Hotuba zilitolewa, sala zikasomwa. Walikuwa wangapi? Hilo halikusemwa.

Mwezi uliofuata Rais wa Somalia alisema katika televisheni kwamba walifikia 180, au karibu 200. Jeshi letu likakanusha bila kutoa hesabu yake. Hebu fikiri, msomaji: mzazi Mkenya asikie idadi ya wafu wetu kwa kinywa cha mgeni!

Tulidhani mambo haya ni ya mkoloni. Nairobi, katika Kenyatta Avenue, wamesimama watu watatu wa shaba tangu 1928, ukumbusho wa askari wa Keya na wapagazi wa Kariakoo waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Sanamu ni nzuri, sikatai. Lakini tafuta pale jina la mpagazi hata mmoja. Wakubwa wa siku zile waliona Mwafrika anatosheka na ukumbusho wa jumla. Ikapita karibu miaka mia. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikaomba radhi: watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Taifa hubadili moyo, najua. Mau Mau walikuwa haramu kisheria hadi 2003, na 2007 Dedan Kimathi akasimamishiwa sanamu katika jiji lile lile. Ila wengi waliostahili kuiona walikwisha kuzikwa.

Wapo watakaoniambia kuwa jeshi lina siri zake, adui asijue hasara yetu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wiki ile ya kwanza. Adui aliyekuwapo El Adde anajua mengi kuliko mjane.

Basi liwekwe jiwe hapa Eldoret, mjini, si ndani ya kambi, mama wa marehemu, awe ametoka Turbo au Kitui, alifikie bila kuomba ruhusa langoni. Na liandikwe majina yote.