Sheria ya Korona: mkubwa naye aifuate

Tarehe 19 Agosti 2020, huko Irlande, watu zaidi ya 80 wa chama cha golfu cha Bunge walikula pamoja mu hoteli ya Clifden. Serikali ilikuwa imekaza sheria ya Korona jana yake tu! Raia walikasirika, juu wao walizika ndugu zao bila kukusanyika. Waziri wa kilimo Dara Calleary akaacha kazi kisha siku mbili. Phil Hogan, kamishna wa Ulaya, tarehe 26.

Huku Katanga, mwaka ule, wafanyakazi wa mine walifungiwa pa kazi wiki na wiki, bila kuona bibi na watoto. Mfanyakazi akivunja sheria, anafukuzwa. Mkubwa naye asiseme tu «samahani»: aachie kiti.