Wa kwanza ukoo mzima kwenda chuo: Kwa nini vigezo vya mkopo havimwoni?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka Julai, kuna nyumba nyingi Haydom, Dongobesh na Katesh ambako shangwe haichukui muda kugeuka swali: sasa tunafanyaje?

Mtoto kafaulu. Ila nyumbani hakuna aliyewahi kuomba chuo. Baba anajua vitunguu saumu na ng'ombe, mama anajua mahindi na maharage. TCU, HESLB na RITA ni majina ya kusikia redioni.

Marekani wanafunzi hawa wana jina lao: kizazi cha kwanza. Fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, humuuliza mwombaji wazazi wake walisoma hadi wapi. Chuo kinaweza kuzipima alama zake kikijua ametoka wapi.

Kwetu ikoje?

Kwenye udahili, kinachoangaliwa ni alama. Hali ya nyumbani huangaliwa na Bodi ya Mikopo (HESLB): je, ni yatima? Ana ulemavu, au mzazi wake anao? Kaya yake iko TASAF? Makundi haya yanastahili kabisa. Lakini elimu ya wazazi haimo.

Basi iongezwe? Si rahisi hivyo. Wazazi wengi wa waombaji wa leo walikuwa vijana miaka ya 1990, wakati vyuo vikuu vilikuwa vichache sana. UDOM yenyewe ilianzishwa 2007. Kigezo hicho kingewagusa waombaji wengi mno, na kinachomgusa karibu kila mtu hakimchuji yeyote. Halafu, kifo kina cheti. Kutosoma chuo hakuna cheti.

Pengo lenyewe ni taarifa

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA. Fomu ya mkopo inahitaji mdhamini, saini ya kiongozi wa kijiji au mtaa, na kamishna wa viapo. Kisha kila kitu kipandishwe mtandaoni kabla dirisha halijafungwa, na mara nyingi mhusika mwenyewe yuko kambini JKT.

Mwenye dada aliyesoma UDSM anapiga simu moja tu. Asiye naye anakwenda steshenari na kumlipa mtu amjazie. Huko ndiko makosa yanakozaliwa: Tluway kwenye cheti cha kuzaliwa, Tluwai kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja inatosha kukwamisha maombi.

Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, hatua kubwa kwa familia za wakulima na wafugaji. Lakini mtoto akimaliza mtihani Mei, mkono unaomshika unaishia getini.

Walimu wengi wa sekondari wamepita njia hii hii, wakasoma kwa mkopo huo huo. Halmashauri za Mbulu na Hanang zikitenga siku chache kati ya Januari na Aprili, shule zinaweza kukagua majina na vyeti watoto wakiwa bado darasani. Hilo halihitaji kigezo kipya wala sheria mpya.

Una mdogo wako kidato cha sita? Usisubiri Julai. Chukua cheti chake cha kuzaliwa leo, kilinganishe na cha kidato cha nne, herufi kwa herufi.