Cheti cha Mfumo wa Afya Kina Thamani Upimaji Ukiwa Endelevu

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 nchini Kenya iliunda Wakala wa Afya ya Kidijitali na kutaka mifumo ya kielektroniki ya afya ithibitishwe. Kwa mwananchi, maana ya takwa hilo ni kwamba taarifa zake zinapotoka zahanati kwenda hospitali ya rufaa zifike bila kubadilika maana.

Mfano ni tarehe. Mtoto aliyeandikwa kuzaliwa 03/04/2024 anaweza kusomwa na mfumo mmoja kuwa wa Aprili 3, na mwingine kuwa wa Machi 4. Ratiba yake ya chanjo ikapotoka kwa takriban mwezi mzima. Kiwango cha kimataifa cha FHIR, kinachosimamiwa na shirika la HL7, huondoa utata huo kwa kutaka mwaka utangulie, ufuatwe na mwezi kisha siku: 2024-04-03.

Katika upimaji, programu hupewa taarifa sahihi za wagonjwa wa kubuni, kisha hupewa zenye kasoro za makusudi ili ibainike iwapo itazikataa. Jaribio hili la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa mfumo unaopokea kila kitu hupitisha kosa kimya kimya hadi kwa daktari.

Hata hivyo, kufaulu si kinga ya kudumu. Upimaji hauthibitishi kwamba uzito wa mtoto uliandikwa kwa usahihi, wala matokeo ya toleo la zamani hayalidhamini toleo jipya. Hivyo, upimaji hauna budi kurudiwa kila programu inapobadilishwa.