Mugomba hauoi, lakini ugonjwa wake unaoa



Ndizi zetu za kula hazina mbegu. Tunapanda watoto wa mugomba, na kila mutoto anafanana na mama yake. Kuvu inayoleta sigatoka nyeusi, ile inayochora mistari ya kahawia, inakausha majani na kuacha mukungu mudogo, yenyewe inaoana.

Iko na aina mbili. Sisi maagronomu tunaziita MAT1-1 na MAT1-2. Aina moja haiwezi kujioa. Zikikutana ndani ya jani lenye kuugua, zinachanganya urithi wao. Sehemu hiyo ya jani ikishakufa, kisha mvua ikailoesha, inarusha watoto wadogo sana, na upepo unawabeba mbali. Hawafanani wote.

Hatari iko hapo. Kati yao, mumoja anaweza kuzoea dawa, mwingine kushinda mugomba wenye nguvu. Mugomba Yangambi Km 5, wenye jina la Yangambi yetu kule Tshopo, ulijulikana kwa kukataa ugonjwa huu. Lakini mwaka 1999 iliandikwa kwamba huko Kameruni ulinzi wake ulivunjika.

Ndio maana sikubali tukisema: « Tungojee tu mbegu mupya. » Mbegu nzuri tuzipande, ndiyo, lakini tuvunje pia nyumba ya arusi: jani lililokauka na bado linaning'inia. Wakati wa mvua, tupite shambani kila wiki mbili. Jani lililokufa, toa lote. Jani lililougua kipande, kata kile kipande tu, juu mugomba unahitaji majani ya kijani kwa kujaza mukungu. Majani uliyokata, yalundike chini: yataoza upesi na kulisha udongo.

Wengine wanaogopa panga juu ya ule ugonjwa mwingine, mnyauko. Wako na haki, unapita kwa panga. Basi tupitishe panga kwa moto ao kwa javel kabla ya kugusa mugomba mwingine.

Lakini ukikata peke yako na jirani akaacha, upepo utakuletea watoto kutoka kwake. Kwa hiyo naomba: kwa mukutano ujao, kila kooperative ichague siku moja ya kukata majani pamoja, shamba kwa shamba, na iandike siku hiyo kwa programu yake.